Daftari la Pembe Nne

Nimelikuta ndani ya debe la mawese,
limefungwa kwa kanga iliyochuja hadi maneno hayasomeki,
kingo zimelowa mafuta, zimekuwa rangi ya kutu.
Shangazi Mwavita alikufa Jumatatu.
Jumatano nikakabidhiwa ufunguo:
"Wewe ndiye uliyesoma. Basi karani ni wewe."

Ukurasa wa kwanza, kalamu ya kuchovya:
Chama cha Pembe Nne, Ujiji, mtaa wa Kasimbu.
Sababu yake mstari mmoja tu:
jeneza lina pembe nne,
na ukoo mmoja hauna mabega ya kutosha.

Pembe ya kwanza, kina Feruzi, ndio sisi.
Tulivuka ziwa kutoka Umanyema na mzigo usio wetu,
tukautua hapa, hatukuubeba tena.
Ya pili, kina Bitwale,
walioteremka milima ya Buha kuuza asali,
mvua ikawazuia, wakaoa.
Ya tatu, duka la Nasoro bin Hilali,
lililokopesha sanda na halikudai,
ila mara moja, ukurasa wa arobaini na moja,
na hapo pamefutwa kwa mate na kidole.
Ya nne, kina Kalumbi, watu wa Ubwari,
mafundi wa mitumbwi.

Yaliyobaki ni hesabu.
Sufuria kubwa imetoboka matanga ya Bi Ntahondi,
fundi kalipwa migebuka sita.
Sudi hakuja kuchimba, alikuwa mpirani.
Faini: mizigo miwili ya kuni.
Anzelmi wa stesheni, Mkristo, hana ndugu.
Amebebwa.
Maji yamepanda. Makaburi matatu ya chini
yamehamishwa usiku, bila kelele,
kila ukoo ukihesabu wa kwake.

Kisha hii, bila maelezo:
Kina Kalumbi wameondoka alfajiri, mitumbwi miwili.
Uliza Kasimbu leo, kila nyumba ina sababu yake:
huyu atasema deni, yule atasema vyeti vya uraia,
wa tatu atakohoa, aseme binti.

Kanuni ya chama iko wazi:
miezi mitatu bila kulipa, jina lipigwe mstari.
Nikafunua nikiutafuta mstari.
Kalumbi, amelipa.
Kalumbi, amelipa.
Mwezi kwa mwezi, miaka thelathini na mmoja,
mwandiko uleule ulioinamia kushoto
kama mtu anayesikiliza ukutani.

Nikamkumbuka na ungo wake wa dagaa Kibirizi,
mchanga kwenye kucha,
na kila mwisho wa mwezi akitupakulia:
"Leo ni ugali na subira."
Tulimwita bahili. Mimi ndiye niliyeanza.

Juzi, saa nane za usiku, hodi.
Kijana mrefu, viatu mkononi, suruali imelowa hadi magotini.
"Miye ni mutoto wa Kalumbi.
Baba iko mu mashua. Alikufa mu njia.
Alikuwa anasema tuko na watu huku."

Sikumjibu. Nilimulika tochi,
nikafunua, nikamwachia asome.
Alipitisha kidole ukurasa mzima,
akafunua wa pili, wa tatu, wa kumi.
"Nani alilipa?"
Ndani ya debe mafuta yalinukia.
Nikamwambia, "Ingia kwanza, ukauke."

Tulimzika baba yake kabla ya adhuhuri.
Bitwale mmoja, mjukuu wa Nasoro, mimi nikasimamia daftari,
mdogo wangu akashika pembe yetu.
Kijana akashika ya nne, na kwa urefu wake
jeneza lilikwenda mshazari hadi makaburini,
wapita njia wakalipisha upande wa barabara.

Jioni alinipa noti ya faranga, imekunjwa mara nne.
Hakuna duka Kasimbu litakaloipokea.
Nimeandika: Kalumbi, amelipa.
Chini yake: sufuria inavuja tena.